Chombo Kilichozama Hutulia, cha Angani Hakitulii

Mwaka 1697, Waomani wakiwa wameizingira Fort Jesus, merikebu ya Wareno iitwayo Santo António de Tanna ilizama chini ya ngome hiyo, katika maji ya Bandari ya Kale ya Mombasa. Wapigambizi walioichimbua kati ya 1977 na 1980 waliikuta pale pale. Chombo kikifa baharini hulala, na nahodha akishajua kilipo hukikwepa maisha yake yote.

Angani hakuna kulala. Setilaiti ya karibu na dunia hukimbia kilomita 7 na nusu kwa sekunde, Mombasa hadi Nairobi kwa dakika moja hivi. Ikifa huendelea kukimbia vivyo hivyo, bila usukani. Februari 10, 2009, Kosmos 2251, setilaiti mfu ya Urusi, iligongana na Iridium 33 ya Marekani iliyokuwa kazini. Vikazaliwa vipande zaidi ya 1,800 vya kuonekana kwa rada, na kila kimoja chaweza kuua setilaiti nyingine. Miongoni mwa hizo nyingine zimo zinazompa mvuvi wa Mji wa Kale habari za upepo kabla hajatweka tanga.

Kanuni zipo. Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2007 inataka mafuta yaliyobaki yatolewe tangini, maana hulipuka. Chombo kisivunjwe makusudi. Kikimaliza kazi kiondolewe njiani. Mashirika ya anga yalizoea kujipa miaka 25 ya kukiondoa. Mwaka 2022 Marekani iliamua iwe miaka 5 kwa setilaiti za chini zinazoomba leseni yake. Lakini miongozo yenyewe ni hiari. Kinachobana ni mkataba wa kimataifa wa 1972: nchi iliyorusha hulipa madhara ya chombo chake kikianguka ardhini, hata kama haikuzembea. Yaani sheria huamka maafa yakishatokea.

Sisi Wakenya tuliponea chupuchupu. Desemba 30, 2024, pete ya chuma yenye kipenyo cha mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi ilianguka kijiji cha Mukuku, Makueni. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilieleza kuwa ni pete ya kutenganisha sehemu za roketi, ambayo kwa kawaida huungua ikirudi hewani au huelekezwa baharini kusiko na watu. Hakuna aliyejeruhiwa.

Kenya, iliyorusha setilaiti yake Taifa-1 Aprili 2023, ina kiti katika kamati ya Umoja wa Mataifa inayotunga miongozo hii. Mjumbe wetu na aingie ukumbini Vienna na picha ya pete ile mkononi, adai miaka hiyo 5 iwe sheria kwa kila anayerusha, nasi tukiwemo.