Je, Wajua? Benzi Linapolala Chini

Mengi ya Mercedes-Benz S-Class ya toleo lililozinduliwa mwaka 1998 hayakai juu ya springi za chuma kama Corolla ya teksi. Hubebwa na mifuko ya mpira iliyojaa hewa, na mpira huzeeka. Jioni unaliegesha Benzi lako Kizuka, Burundi, likiwa sawa, alfajiri unalikuta limeinama bega moja. Kompresa hujaza hewa inayovuja hadi inaungua. Mwenye gari hununua kompresa mpya, mfuko ule ule ukiendelea kuvuja. Hasara juu ya hasara! Mwagia mfuko maji ya sabuni kwanza: penye mapovu ndipo penye tundu.

Benzi likigonga ko-ko-ko kwenye mashimo ya barabara ya Rumonge, au usukani ukicheza, fundi hulipandisha jeki, akalitikisa gurudumu juu na chini kupima boljointi, kisha kushoto na kulia kupima tairodi. Alaimenti kabla ya kubadili vilivyolegea ni kupoteza pesa bure. Wapo wanaopaka bushi oili chafu zisilie. Kelele hutulia, ila oili huvimbisha mpira na kuulegeza, bushi zikafa mapema zaidi.