Busara Zenji: tiketi unayo, utalala wapi?

Kila ikikaribia Februari simu yangu haipumziki. Washkaji wa Dar swali lao ni moja tu: "Kaka, tunavuka kwenda Busara, gesti ya bei poa iko wapi?" Nimeona niandike mara moja niwamalize wote, maana hili la malazi lina sababu zake, si ujanja wa wenye gesti peke yake (ingawa ujanja nao upo).

Tuanze na pale panapopigwa muziki. Sauti za Busara lilianza 2004, na kwa miaka mingi jukwaa lake kubwa limekuwa ndani ya Ngome Kongwe, pale Forodhani. Ngome yenyewe waliijenga Waarabu wa Oman baada ya kumtimua Mreno mwishoni mwa karne ya 17, kwenye kiwanja kilichokuwa na kanisa lake. Baadaye ikawahi kuwa gereza. Sasa wewe fikiria: kuta nene pande zote, juu nyota, taarabu inapigwa, upepo wa bahari unaingia. Ukumbi wa namna hiyo hujengi leo hata uwe na mabilioni. Tatizo lake ni moja, hauongezeki. Ukijaa umejaa.

Na mji unaouzunguka uko hivyo hivyo. Mji Mkongwe uliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000. Nyumba ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na huwezi kupandisha ghorofa au kuvunja ukuta bila kibali. Hoteli nyingi mle ni nyumba za zamani za familia zilizogeuzwa, vyumba vyake vichache. Na msidhani masharti ya kibali ni usumbufu tu. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al Ajaib, jirani kabisa na Ngome, iliporomoka na watu wawili wakafariki. Majengo yale si ya kuchezea.

Ongeza Februari yenyewe. Vuli imepita, masika bado, kaskazi inavuma, jua safi. Kwa Wazungu huko kwao ni baridi kali, kwa hiyo nao wanakuja wakati huo huo. Vitanda vichache, watu wengi, na bei zilizoea kutajwa kwa dola. Mtanzania tiketi ya tamasha anauziwa kwa bei nafuu kuliko mgeni wa nje, hilo nawasifu. Ila kitanda hakina bei ya mwananchi! Unakuta usiku mmoja karibu na Ngome unamshinda kijana aliyemudu tiketi ya siku zote.

Mimi yalinikuta. Ndo nimemaliza kidato cha nne, nikapiga simu gesti moja, nikaambiwa chumba kipo, njoo. Nashuka bandarini jioni na begi langu, jamaa wa mapokezi ananiangalia juu mpaka chini: "Kimeshachukuliwa, mdogo wangu." Huku mbele yangu Wazungu wawili wanakabidhiwa ufunguo. Duh! Nililala kwenye benchi Forodhani, begi kichwani, paka wananizunguka wakidhani nina mishkaki. Tangu siku hiyo sikubali chumba cha mdomo. Natuma kianzio, naomba risiti yenye jina na tarehe.

Sasa mimi nalala wapi? Ng'ambo. Zamani mkono wa bahari uliingia ukatenganisha Mji Mkongwe na upande wa pili, ndo maana ya jina Ng'ambo, na Darajani kweli palikuwa na daraja. Maji yalishafukiwa, leo unavuka barabara tu. Ukipata chumba Mlandege, Kikwajuni au Michenzani (kwenye yale maghorofa marefu yaliyojengwa miaka ya 1970 kwa msaada wa Ujerumani Mashariki), unarudi kwa mguu. Nungwi na Paje sahau, muziki unaisha usiku mwingi na daladala hamna, teksi itakula hela yote.

Ila Ng'ambo ni mitaa ya familia. Vaa kwa heshima, na ukiwa kwa mwenyeji mwambie mapema utarudi saa ngapi. Usimgongee mama wa watu mlango saa tisa usiku na wakati alfajiri anaamka kuswali. Kitambulisho usisahau, bila hicho hata boti unaweza usipande.

Kingine, angalieni kalenda. Ramadhani inarudi nyuma kila mwaka, na ya 2027 inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari. Mwezi ule Zanzibar haina habari ya matamasha, kwa hiyo hakikisheni tarehe kwanza ndo mlipie chumba.

Mwenye kujua gesti ya Ng'ambo inayotoa risiti na isiyobadilisha maneno mlangoni, aiweke hapo chini na bei yake kwa shilingi.