Chungu cha Nyumbani na Mfuko wa Baba

Ndugu zetu wasomaji, kina baba na kina mama, na ninyi vijana mnaoanza kujitegemea, aghalabu sisi waalimu huwafunza watu jambo ambalo nafsi zetu zimelisahau. Leo twataka kuwaeleza habari ya nyumba yetu wenyewe, wala hatuoni haya kuieleza, kwani huenda ikamfaa mwingine aliye katika hali kama yetu.

Mwaka 2023 binti yetu mkubwa alichaguliwa kuingia kidato cha tano katika shule ya bweni iliyo mbali na mji wetu wa Tanga. Tulimshukuru Mwenyezi Mungu. Ada ya masomo hayo serikali ilikwisha kuiondoa tangu mwaka 2022, walakini godoro, sare, ndoo, madaftari na nauli ni juu ya mzazi. Tulipofungua kisanduku tunachowekea akiba, tulikuta noti chache zisizotosha hata godoro. Hatukuwa na budi kumwendea ndugu yetu atukopeshe shilingi 220,000.

Usiku ule tulirudi nyumbani na hasira, na hasira hiyo tukaitua pasipo mahali pake. Tulimwambia mama watoto, "Fedha ya chakula twakupa kila siku, nayo kila siku haitoshi. Yaenda wapi?" Hakujibu kwa ukali. Alituambia, "Mwalimu, tusigombane kwa jambo linaloweza kuhesabiwa. Chukua daftari, tuandike mwezi mmoja kila senti inayonunua chakula kilichopikwa na mtu mwingine. Na wewe uandike zako."

Tukaandika. Mwezi ulipokwisha tuliketi mkekani tukajumlisha. Watoto wanne wadogo, kila mmoja shilingi 500 za kununulia chipsi na barafu njiani, kwa siku 24, ni shilingi 48,000. Jioni saba mama alizochelewa kurudi kutoka shughuli zake, akanunua chapati na maharage ya jirani kwa shilingi 6,000 kila jioni, ni shilingi 42,000. Kisha tukafika kwenye ukurasa wetu sisi. Baada ya sala ya Isha tulikuwa na mazoea ya kupita barazani: mishikaki minne kwa shilingi 2,000, na kahawa na kashata kwa shilingi 500. Usiku 26 kwa shilingi 2,500 ni shilingi 65,000.

Jumla yake shilingi 155,000. Na katika hizo, fungu lililo kubwa kuliko yote lilikuwa letu. Mama watoto hakusema neno. Alilifunga daftari akaenda kulala, na kimya chake kilituuma zaidi kuliko lawama. Sisi ndio tuliokuwa tukiwasomesha watoto wa watu Sura ya Al-Aaraf, aya ya 31, tukiwaeleza kuwa Mola ameturuhusu kula na kunywa, lakini amekataza kupita kiasi. Hatukudhani hata siku moja kwamba mishikaki minne yaweza kuitwa kupita kiasi. Na kweli, ya usiku mmoja si kitu. Tulizoea kusema kuwa haba na haba hujaza kibaba, tukasahau kuwa haba na haba hukimaliza vile vile.

Basi tulikata shauri kurudi kwenye chungu cha nyumbani. Lakini hapa pana kosa ambalo wanaume wengi hulifanya, nasi tulikaribia kulifanya. Mume huamrisha, "Tangu leo hapana kununua chakula nje," kisha huenda zake barazani kungoja aitwe kula. Huko si kuweka akiba. Ni kuutoa mzigo mfukoni na kuutua mgongoni pa mkewe. Imepokewa kwa Bibi Aisha, radhi za Mungu ziwe juu yake, kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alipokuwa nyumbani alikuwa akiwasaidia watu wake katika kazi zao. Ikiwa yeye hakuona haya, seuze sisi?

Kwa hiyo tuligawana kazi. Sisi tulichukua kukuna nazi, na mara ya kwanza tulipokalia mbuzi watoto walicheka mpaka wakashika mbavu. Vijana wawili wa kiume walifunzwa kukanda unga, kuchambua mchele na kuwasha jiko. Wa kike hawakuachiwa kazi peke yao kwa sababu tu ni wa kike. Mama ndiye aliyebaki kuwa mkuu wa jiko, na neno lake ndilo la mwisho.

Jambo la pili lilikuwa namna ya kununua. Tulikuwa tukinunua mafuta ya kupimiwa, unga nusu kilo, na mkaa wa kopo. Anayenunua kidogo kidogo hudhani anajihurumia, ilhali kila kipimo kidogo kina faida ya mwenye duka juu yake. Siku hizi Jumamosi asubuhi twaenda soko la Ngamiani na orodha mkononi, tukanunua mchele, unga, maharage na vitunguu vya wiki nzima. Asiyekuwa na fedha ya wiki na aanze na kitu kimoja tu, mafuta au mkaa, na wiki ya pili aongeze kingine.

Jambo la tatu ni kupanga mapema, kwani chakula cha nje hununuliwa zaidi na mtu aliyechoka ambaye hakujiandaa. Maharage huyaloweka usiku tunapokwenda kulala. Yakilowekwa huiva upesi, na mkaa hupungua. Maji yale ya kulowekea humwagwa, kisha maharage hutokoswa kwa moto mkali kwa dakika zisizopungua 10 kabla ya kupunguza moto, kwani maharage mekundu yasiyoiva sawasawa humdhuru mlaji tumboni. Kilo moja ya maharage makavu ikiiva huzidi kilo mbili, nayo yatutosha jioni moja na mchana wa kesho yake. Ama maandazi, twayakaanga mara mbili kwa wiki, na watoto huyachukua badala ya zile shilingi 500.

Twawatahadharisha pia juu ya kiporo. Wali uliobaki usiachwe sufuriani usiku kucha katika joto letu la pwani, kwani waweza kuharibika bila ya kunuka, wala kuupasha moto asubuhi hakuondoi madhara yote. Asiyekuwa na jokofu na apime mchele kwa idadi ya watu, kisimbakie kiporo. Chakula kinachotupwa ni fedha inayotupwa, nayo ni neema iliyokosewa adabu.

Yafaa tuseme kweli kuhusu faida tuliyoipata, maana wapo wanaodhani kuwa kupika nyumbani ni bure. Si bure. Fedha ya soko na mkaa iliongezeka kwa shilingi 62,000 kwa mwezi. Na kununua nje hatukukukomesha kabisa, kwani zilibaki shilingi 25,000 za siku za dharura na za kahawa yetu ya Ijumaa. Jumla ni 87,000, badala ya 155,000 za kwanza. Faida halisi ilikuwa shilingi 68,000 kwa mwezi. Mwezi wa nne tulimpelekea ndugu yetu fungu la mwisho la deni lake, na usiku ule tulilala usingizi ambao hatukuwa tumeulala tangu binti yetu aondoke.

Ninyi vijana mliopanga chumba mjini, huenda mkasema kuwa kumpikia mtu mmoja hakuna faida, na hoja yenu ina ukweli, kwani mkaa wa kuivisha sufuria dogo haupungui sana kuliko wa sufuria kubwa. Dawa yake ni kushirikiana. Watu watatu wenye jiko moja, kila mmoja akipika kwa zamu yake, watakula vizuri na kwa fedha kidogo. Mtume wetu ametufunza kwamba chakula cha mtu mmoja huwatosha wawili, na cha wawili huwatosha wanne.

Wala asitufahamu mtu vibaya akadhani kuwa twawapiga vita kina mama wanaouza vitumbua, mihogo na wali kwa mafiga yao. Hao wachuma halali kwa jasho lao, na wengi wasomesha watoto kwa kazi hiyo. Msafiri awaendee, na aliye mbali na kwake awaendee. Twasema tu juu ya mtu ambaye chungu chake ki baridi nyumbani ilhali yeye ala mishikaki barazani. Na wala uchumi huu usigeuke ubahili, kwani katika Sura ya Al-Furqan, aya ya 67, waja wema husifiwa kwa kuwa katikati, hawafanyi israfu wala hawabani.

Mtume alimuusia Abu Dharri, radhi za Mungu ziwe juu yake, kwamba apikapo mchuzi azidishe maji na awakumbuke majirani zake. Na hilo chakula cha nje hakikutuwezesha kulifanya, kwani sahani iliyonunuliwa hutoka ikiwa imehesabiwa watu wake. Tangu chungu chetu kirudi motoni, mjane aliye mlango wa pili hupelekewa bakuli lake kila Alhamisi, na mwenye kulichukua ni yule mtoto wetu mdogo aliyekuwa akililia chipsi.

Basi jioni hii chukueni daftari, baba na mama pamoja, na baba aanze kuandika zake. Wabillahi tawfiq.