Kupasuka kwa Mji wa Mimba

Wasikilizaji wetu, leo twataka kunena nanyi juu ya jambo ambalo wanawake hulitaja kwa kunong'ona, na wanaume wengine hudhani haliwahusu. Nalo ni kupasuka kwa mji wa mimba. Wajawazito walio wengi hawapatwi nalo. Lakini likitukia huweza kumwua mama na mtoto kwa muda mfupi, na mara nyingi lingaliweza kuzuiwa. Kwa hiyo yafaa kila mtu nyumbani alijue.

Mji wa mimba ni mfuko wa nyama zenye nguvu. Wakati wa uchungu nyama hizo hujikaza na kulegea, zikimsukuma mtoto ateremke. Sehemu ya juu huwa nene, na ya chini hutanuka ikawa nyembamba. Njia ikiwa wazi, mtoto hutoka. Njia ikizibwa, ya juu huzidi kusukuma na ya chini huzidi kuvutwa, hata mwisho ikapasuka. Ndipo damu humwagika ndani ya tumbo, na mtoto hukosa hewa aliyokuwa akiipata katika damu ya mama yake.

Sababu zake ni nne. Ya kwanza ni njia kuzibwa, kwa kuwa nyonga ni nyembamba au mtoto amelala kikingamo. Ya pili ni kuzaa mara nyingi, maana nyama hudhoofika. Ya tatu ni dawa za kuongeza uchungu, za miti shamba au za dukani, zinyweshwapo bila kipimo, pamoja na desturi ya kulikandamiza tumbo ili mtoto atoke upesi. Ya nne ni kovu la kupasuliwa zamani.

Juu ya kovu tuseme zaidi. Mwaka 1879 Mwingereza mmoja, Robert Felkin, aliwaona waganga wa Bunyoro, katika Uganda, wakimpasua mzazi na kumtoa mtoto. Waliosha mikono na tumbo kwa pombe ya ndizi, wakaifunga ngozi kwa pini za chuma, lakini mji wa mimba wenyewe hawakuushona. Hata Ulaya madaktari wengi hawakuushona, mpaka Max Sänger wa Ujerumani alipoonyesha mwaka 1882 faida ya kuushona. Siku hizi hushonwa, na kwa kawaida hukatwa kikingamo katika sehemu ya chini, mahali ambapo kovu huwa imara. Katika wanawake 100 wenye kovu la namna hiyo wanaojaribu kuzaa kwa njia ya kawaida, hupasukiwa pungufu ya mmoja. Kovu la wima katika sehemu ya juu ni la hatari zaidi, na huweza kuachia hata kabla ya uchungu kuanza. Kibuyu kilichoshonwa huchukua maji, lakini mwenyewe hukitunza kuliko kizima. Kadhalika mwenye kovu asizalie nyumbani kamwe, ingawa mtoto wa pili alizaliwa salama.

Sasa tutaje dalili. Kabla ya kupasuka, uchungu huwa mkali, tena haupumziki, wala mtoto hashuki. Pengine tumbo huonekana limebanwa katikati kama kibuyu chenye kiuno. Mwenye kovu huweza kusikia maumivu mahali pa kovu hata uchungu unapotulia. Mji ukipasuka, pengine huja maumivu makali ya ghafula, kisha uchungu hukoma. Hapo ndipo wengi hudanganyika, wakasema, "Mwacheni, amepata nafuu, apumzike mpaka asubuhi." Kumbe ile si nafuu. Tazameni: mwili wapoa, jasho lamtoka, moyo waenda mbio, macho yaingia giza, na mtoto hachezi tena. Damu itokayo nje yaweza kuwa kidogo sana, hali ndani imejaa.

Basi wakati huo la kufanya ni moja: apelekwe mara moja hospitali yenye chumba cha kupasulia na akiba ya damu. Alazwe kwa ubavu, afunikwe, asipewe chakula wala dawa yo yote ya kuongeza uchungu, wala tumbo lisikandwe. Jamaa wawili au watatu wenye afya waende naye, wapate kutoa damu ikihitajiwa, nao wachukue kadi yake. Huko atatiwa maji na damu katika mshipa, kisha daktari atampasua. Ufa ukiwa mdogo na safi huweza kushonwa. Ukiwa mkubwa, au damu ikikataa kusimama, hapana budi mji wa mimba uondolewe. Mwanamke huyo hatazaa tena wala hatapata hedhi, lakini ameokoka, na si haki mumewe au jamaa kumdharau. Yule aliyeshonwa asiachwe kuingia katika uchungu tena. Akishika mimba, sharti apasuliwe kabla ya siku zake kutimia.

Wako wasemao kwamba mzazi akikawia ni kwa sababu ya uzinzi, wakamlazimisha kutaja majina ya wanaume. Huo ni uonevu, nao hupoteza saa ambazo zingalimwokoa. Kukawia kuna sababu yake mwilini, nayo hupimika. Mwaka 1972 madaktari Philpott na Castle, waliofanya kazi katika nchi iitwayo sasa Zimbabwe, walitangaza karatasi yenye mistari ambamo mkunga aliandika maendeleo ya uchungu saa kwa saa. Alama zikivuka mstari, alijua kwamba wakati wa kumpeleka mzazi mbele umefika.

Mkunga hawezi kuandika maendeleo ya mtu asiyefika kwake. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mjamzito aende kliniki mapema, na mwenye kovu aseme wazi alipasuliwa lini na kwa nini. Baada ya kuzaa, yafaa ipite miaka miwili kabla ya kushika mimba nyingine. Ikiwa hospitali ni mbali, ahamie karibu nayo kabla ya siku zake.

Tena kabla ya mwezi wa nane wenye nyumba wakae pamoja wajibu maswali matatu. Gari litatoka wapi usiku? Fedha za safari zimewekwa kwa nani? Na mume akiwa safarini, ni nani atakayesema, "Twende," bila kumngoja? La tatu ndilo linalosahauliwa zaidi. Wazazi wengi wamekufa mlangoni, gari likiwapo na fedha zikiwapo, wakingojewa wazee warudi kutoa ruhusa. Wasikilizaji wetu, ruhusa hiyo itolewe sasa, wakati mama ni mzima.