Mnashuti video ya wimbo chuoni? Fanyeni mazoezi ya kamera kwanza

Kamera ya chuo mmepewa kwa siku moja tu. Mkianza kujifunzia siku hiyo, jua litazama hamjamaliza.

Jaribuni mapema, hata kwa simu. Kwanza, kushuti huku unatembea: mshika kamera akunje magoti kidogo, abane viwiko mbavuni na apige hatua fupi fupi. Picha itatulia.

Pili, slomosheni. Hapa ndipo wengi hukwama. Ukirekodi fremu 50 kwa sekunde halafu video ichezwe kwa 25, kila kitu kinakwenda nusu ya mwendo, hata midomo. Kwa hiyo wakati wa kushuti, wimbo upigwe kwa kasi mara mbili, na msanii aimbe kwa kasi hiyo hiyo. Asipozoea mapema, midomo haitaendana na sauti, na kamera mmesharudisha.