Trauti walivyopandishwa milimani

Hapa Scotland ninakoishi, Mei ndio mwezi wa wavuvi wa trauti. Baridi imelegea, jua linachelewa kuzama, wadudu wanacheza juu ya maji, na wazee waliovaa suruali za mpira hadi kifuani wanasimama katikati ya mto bila kusema neno. Mwezi huohuo kwetu Timboroa, kwenye nyanda za juu za Kenya, ni mvua. Anayeijua barabara ya kutoka Mau Summit kwenda Eldoret anaujua ukungu ule, na magunia ya viazi kando ya lami, na akina mama waliojifunika leso juu ya sweta saa sita mchana. Mito imejaa tope na samaki haoni mbele. Kwa hiyo rafiki wa huku akiniuliza kama kwetu trauti wapo, namwambia wapo, ila asahau majira ya kwao: upande wetu huvuliwa kiangazi, Desemba hadi Machi, maji yakiwa maangavu.

Hapo ndipo linapokuja swali lenyewe. Samaki wa Ulaya alifikaje kwenye ikweta?

Kwa maumbile, kilichomwezesha kuishi ni mwinuko. Trauti anataka maji baridi, chini ya nyuzi 20 hivi, yanayokwenda mbio na kubeba hewa nyingi, na anataka changarawe safi ya kutagia. Ikweta inapita karibu kabisa na Timboroa, lakini kituo cha reli cha pale kiko zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari. Reli ilifika Eldoret mwaka 1924, na hakuna kituo kilichokuwa juu zaidi ya hicho katika himaya nzima ya Mwingereza. Maji ya misitu ya huko hugawana njia: mengine huteremka na Perkerra kupitia Eldama Ravine hadi Ziwa Baringo, mengine huingia Nyando na kuishia Ziwa Viktoria. Mito iliyopata jina kwa trauti imeizunguka Timboroa kwa mbali: Kiptiget na Itare upande wa Kericho, Moiben kule Cherangany, Suam kwenye Mlima Elgon. Na juu ya yote, mito ya Aberdare na Mlima Kenya.

Lakini baridi peke yake haileti samaki. Alimleta mtu, naye ni Ewart Grogan, yule aliyejipatia sifa kwa safari ya kutoka Cape hadi Cairo, aliyoimaliza mwaka 1900. Mwaka 1905 aliagiza mayai ya trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, ziwa lililoko Scotland, na samaki wakaachiwa katika Mto Gura, Aberdare. Mayai hayo husafiri vizuri kuliko samaki mwenyewe. Ukiyaweka kwenye baridi kali na unyevu, kukua kwake kunakwenda polepole sana. Waingereza walikwisha kulijua hilo tangu 1864, walipofikisha mayai Tasmania kwa meli, yakiwa yamepangwa katikati ya barafu. Safari ya Kenya ilikuwa na reli kutoka Mombasa, ila kutoka relini kupanda Aberdare hakukuwa na njia nyingine zaidi ya vichwa na mabega ya wapagazi. Majina yao hayajaandikwa popote nilipowahi kusoma. Mwaka 1910 wakafuata trauti wa upinde wa mvua kutoka Afrika Kusini, ambao nao asili yao ni pwani ya magharibi ya Amerika ya Kaskazini, na katika mito mingi hao ndio walioshika.

Grogan huyohuyo alikuwa na shughuli jirani na kwetu. Tangu 1904 alikuwa anaufukuzia Msitu wa Lembus, mteremko wa Eldama Ravine, apate kuvuna mbao zake, na mkataba ukatiwa saini 1916. Watugen waliolisha mifugo na kukata kuni humo walibaki na mgogoro wa haki zao uliodumu miongo mingi. Kwangu mimi mambo haya mawili, mayai na mbao, ni habari moja. Trauti hakuletwa ili mtu ashibe, na jamii za wafugaji wa nyanda zile wala hazikuwa na hamu ya samaki. Aliletwa ili mlowezi akiamka asubuhi aone kijito kama cha kwao, chenye mchezo wa kwao na masharti ya kwao. Sisi tulio ughaibuni tunaielewa tamaa hiyo vizuri mno. Nani kati yetu hajaficha mbegu za mboga ya managu kwenye sanduku? Ila sisi managu tunaipanda kwenye ndoo barazani. Mlowezi alipewa hata bonde.

Masharti yenyewe yalikuwa kwenye namna ya kuvua. Badala ya mnyoo, unatumia ndoano iliyofungwa nyuzi na manyoya mpaka ifanane na mdudu wa majini. Ndoano hiyo ni nyepesi kama unyoya, hairushiki. Kinachorushwa ni mshipi wenyewe, uliofanywa mnene na mzito makusudi, ukipigwa nyuma na mbele kwa fimbo ndefu hadi utue taratibu. Ni ufundi, sikatai, na ni mzuri kuutazama. Pia ni njia nzuri ya kumtenga mtu: mtoto wa kibarua mwenye mnyoo na uzi, anayevua mto uleule, anakuwa mwizi.

Ili mchezo usikauke, serikali ya kikoloni ilijenga kituo cha kutotolea trauti Kiganjo, karibu na Nyeri, mwaka 1948. Yai la trauti wa upinde wa mvua kwenye maji ya nyuzi 10 huanguliwa baada ya mwezi mmoja hivi, na vifaranga hupelekwa mtoni wakishapata nguvu. Wavuvi wa Kenya walibuni hata ndoano yao, nyeusi, iitwayo Kenya Bug, ambayo hadi leo inauzwa katika maduka ya Uingereza. Na hapa ndipo habari inaponifurahisha. Kazi ya kuzifunga ndoano hizi iligeuka kuwa biashara ya kuuza nje, na leo Kenya ni miongoni mwa nchi zinazozitengeneza kwa wingi duniani. Mikono inayozifunga, mingi ya wanawake, huenda haijawahi kushika fimbo ya mchezo huo.

Hasara zipo. Trauti wa kahawia na wa upinde wa mvua wote wawili wamo kwenye orodha ya viumbe vamizi 100 wabaya zaidi duniani, kwa sababu hula samaki wadogo na wadudu wa asili wa mito waliyopelekwa. Lakini katika milima yetu mgeni huyu naye yuko hatarini. Msitu ukikatwa, kivuli kinaondoka, maji yanapata joto, udongo unafunika changarawe. Mwaka 2001 serikali ilitangaza kutoa takriban hekta 67,000 za misitu, nyingi zikiwa Mau, na Tinderet Kaskazini ikiwamo. Mto ukishakuwa na rangi ya chai ya maziwa mwaka mzima, trauti hakai.

Kwa wanaokwenda nyumbani Desemba: leseni iulizieni ofisi ya uvuvi ya kaunti, na mkiingia hifadhi kama Aberdare kuna kiingilio cha Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) pia. Asiyetaka kuvua bali kula tu, Nanyuki kuna mgahawa wa Trout Tree, uliojengwa ndani ya mugumo juu ya mabwawa ya samaki, pembeni ya Mto Burguret. Na ndoano msizinunue huku kwa bei ya pauni. Zimetoka huko.