Jiwe Lililoachwa

Mfinyanzi akikosea, hukanda udongo wake tena. Mchonga mawe hawezi kufanya hivyo. Kipande kikiisha kutoka katika jiwe, hakirudi. Maji yakimwagika hayazoleki, na jiwe ni vivyo hivyo. Kwa sababu hiyo kazi hii yataka macho kwanza, mikono baadaye.

Kwanza jiwe hukatwa mlimani. Katika milima ya Carrara, nchi ya Italia, kuna marumaru, mawe meupe yanayong'aa yakisuguliwa. Wakataji wa zamani walitoboa mashimo madogo kwa mstari, wakapigilia humo kabari za mti mkavu, wakazimwagia maji. Mti ulinyonya maji ukavimba, na jiwe likapasuka penye mstari.

Kisha mchongaji hushika nyundo na tindo. Kwa tindo yenye ncha huondoa vipande vikubwa. Kwa tindo yenye meno hulikaribia umbo polepole. Mwisho husugua kwa tupa hata jiwe liwe laini.

Zamani jiwe moja la Carrara lililetwa katika mji wa Firenze, lichongwe sanamu ya kanisa kuu. Lilikuwa refu kama watu watatu wakisimama mmoja juu ya mwingine. Fundi wa kwanza alianza kulichonga mwaka 1464, akaliacha. Mwaka 1476 wa pili alipewa kazi, naye akaliacha. Likakaa uani miaka 25, mvua yake, jua lake.

Mwaka 1501 walipewa mikono mingine: Michelangelo, kijana wa miaka 26. Pale wenzake walipokwisha kukata, hakuweza kuongeza kitu. Jiwe lilikuwa jembamba. Basi alipanga umbo lipate kuenea ndani yake. Mwaka 1504 sanamu ilikuwa tayari: ni Daudi, yule mchungaji aliyempiga Goliati kwa jiwe la kombeo. Kimo chake chapita meta 5. Hata leo iko Firenze, na watu wa nchi nyingi huja kuitazama.

Watoto, jiwe lililoachwa na wawili limekuwa sifa ya wa tatu. Msiseme upesi kwamba kitu kimeharibika, wala kwamba mwenzenu hafai. Tazameni kwanza kilichobaki.

Maswali
1. Maji yalifanya kazi gani katika kupasua jiwe?
2. Mfinyanzi na mchonga mawe wanatofautianaje?
3. Kwa nini kazi ya Michelangelo ilikuwa ngumu?